Bonyeo la Gari la Mikate

Dada Meno hakupata jina hilo kwa kucheka sana, ingawa alikuwa na mwanya mzuri. Alilipata kwa sababu kwa miaka ishirini na miwili alitengeneza meno ya watu. Alianza kama mfagizi katika kliniki ya daktari wa meno, msichana aliyemaliza darasa la saba na hana pa kwenda. Nyuma ya kliniki kulikuwa na chumba kidogo ambamo fundi mmoja mkimya alimimina jasi kwenye alama za vinywa vya wagonjwa. Siku moja fundi huyo akaamka anaumwa mgongo, akamwomba yule msichana amkorogee jasi. Msichana akaikoroga bila povu hata moja. Ufagio ukapewa mtu mwingine.

Baadaye meno yakaanza kuagizwa yakiwa tayari, chumba kile kikafungwa, naye akarudi nyumbani na vifaa viwili vya chuma vya kukwangulia na tabia ya kuzungumza na watu huku akiwatazama mdomoni. Akamimina maua ya jasi ya kupamba dari. Akamimina vigae. Kisha akatokea bwana mmoja mwenye kukusanya magari madogo ya kuweka kabatini, mikononi kashika gari moja lisilo na boneti, uso umemshuka kama mtu aliyefiwa. Dada Meno akamtengenezea boneti. Akaweka mpya na ya gari jingine la aina ileile juu ya meza, akamwambia achague ya zamani ni ipi. Yule bwana alichagua mara tatu na mara tatu akakosea.

Tangu hapo bodi za magari zikawa zinamfikia ndani ya maboksi, nyingine za mti, nyingine za plastiki, nyingine za bati. Kazi yake ilikuwa kuiandaa bodi moja mpaka isiwe na kasoro, kuizungushia mpira ule unaomiminwa kama uji na kuganda ukiwa kalibu, kisha ndani ya kalibu hiyo kumimina rezini, plastiki ya maji inayoganda, na kutoa magari kumi, ishirini, yote sura moja.

Mdogo wake alikuwa seremala, na kila mtu alimwita hivyo, Seremala. Mtu mkubwa wa mwili, mabega kama mlango, lakini mwenye haya kiasi kwamba akiulizwa jambo mbele za watu hujibu kwa kukohoa. Alitengeneza makabati na vitanda, naye alimwogopa dada yake kidogo. Chumba cha kazi cha dada yake alikiogopa zaidi. Zamani kilikuwa jiko. Karo ilikuwa bado ipo chini ya dirisha, na juu ya meza ilining'inia taa yenye shingo ya kukunja iliyotoka kwenye kiti cha daktari wa meno. Rafu zilijaa kalibu zilizofungwa kwa mipira ya kuvutika, na kwenye rafu ya juu kabisa kulikuwa na vinywa vya jasi, safu nzima, vya watu ambao baadhi yao walikwisha kufariki. Seremala hakupenda kuvipa mgongo.

Jambo lililomleta humo lilikuwa la baba yao.

Baba yao aliendesha gari la mikate kwa miaka thelathini na moja. Lilikuwa gari la zamani, pua ya mviringo, taa mbili kubwa kama macho ya mtu aliyeshtuliwa usingizini, na nyuma sanduku refu lenye milango miwili. Lilikwisha kukatwakatwa likauzwa chuma chakavu. Na macho ya mzee nayo yalimwacha, kwanza la kushoto, halafu la kulia, na sasa ulikuwa mwaka wa pili haoni hata mwanga wa dirisha. Hakuwa mtu wa kuonewa huruma.

"Nimeona vya kutosha," alikuwa akisema. "Sasa nisimulieni nyinyi, ila msiongeze chumvi."

Seremala alilichonga gari lile kwa miezi minane, kidogo kidogo, kila jioni baada ya kufunga kazi za wateja, kutoka kwenye gogo la mti mlaini. Alikuwa na picha moja tu, na kwenye picha hiyo jirani alikuwa amesimama mbele ya gurudumu na kulificha. Mengine yote aliyatoa kichwani. Lilipokamilika lilikuwa na urefu wa shibri moja na nusu, ndani tupu, kuta zake nyembamba kama ganda la yai. Akalifunga kwa shati, akampelekea dada yake.

"Nataka matano," alisema. "Sisi watoto watano, kila mmoja na lake. Lakini kwanza Baba alishike."

"Tumpelekee basi akalishike."

Seremala akakohoa. "Asiambiwe ni gari gani. Nataka aseme mwenyewe."

"Na asipojua?"

"Basi nimechonga kabati."

Dada Meno akacheka, kwa sababu maneno hayo yalikuwa ya baba yao. Mzee alipoulizwa habari za kijana wake alikuwa akijibu, "Huyu wangu ni wa makabati," kama mtu anayesema mwanawe ana kikohozi. Hakusema kwa ubaya. Lakini Seremala alikuwa na miaka arobaini na sita, na maneno hayo alikuwa ameyabeba tangu akiwa na kumi na tisa.

Dada Meno akaivuta taa, akaligeuza gari chini yake. Aligeuza muda mrefu. Seremala akasikia maji yakidondoka kwenye karo.

"Nani alikufundisha?"

"Hakuna."

"Hm," akasema Dada Meno, na kwake yeye hiyo "hm" ilikuwa sifa ambayo wengine hawakuwahi kuipata. Kisha akaweka gari chini. "Sasa nisikilize. Mpira hauna adabu, unachungulia kila mahali. Huu uzi wa mti unauona? Utauchukua. Mkwaruzo wa msasa, utauchukua. Ukiacha unywele wako hapa, magari yote matano yatakuwa na unywele wako. Nipe wiki mbili, na usije kunisimamia kichwani."

Alikuja kila jioni. Alisimama mlangoni, mikono nyuma, na dada yake akajifanya hamwoni.

Seremala alikuwa ameshika mti maisha yake yote na alidhani anajua kulainisha kitu ni nini. Sasa alimwona dada yake akipaka vanishi nyembamba kama pumzi, akisubiri, akisugua kwa msasa wa maji, akipaka tena. Mara saba. Ilipofika mara ya tano mti ukawa umeacha kuwa mti. Haukuwa na uzi wala tundu, ulikuwa kama kitu kilichozaliwa hivyo. Aliziziba nafasi za madirisha kwa udongo wa kufinyangia, kwa ndani, akausawazisha kwa mpini wa kijiko, ili mpira usipenye humo na kujifunga. Aliipitia mistari ya milango kwa kile chuma cha kukwangulia meno, akiichimba iwe na kina zaidi, maana rangi ingeifukia. Kabla ya kila mstari alivuta pumzi, na hakuitoa mpaka mstari uishe. Seremala akagundua kwamba naye amebana pumzi.

Lililomshangaza kuliko yote ni kwamba alifanya kazi kubwa macho yakiwa yamefumba. Alikuwa akifumba na kupitisha ncha ya kidole cha kati juu ya paa, polepole, halafu anasimama na kuweka nukta ya penseli mahali ambapo Seremala, hata akikodoa, haoni kitu.

"Umesikia nini hapo?"

"Kilima."

"Hakuna kilima hapo, dada."

"Weka kidole."

Akaweka kidole chake kinene chenye sugu. Hakusikia kitu. Dada Meno akapitisha msasa mara mbili, akamwambia aweke tena, na sasa, kwa sababu kilima kilikuwa kimeondoka, ndipo akajua kwamba kilikuwepo. Alirudi nyumbani siku hiyo akipapasa kuta za nyumba yake kama mwizi.

Jumatano ya wiki ya pili alikuta gari limepakwa rangi ya msingi, ya kijivu, na limewekwa dirishani likauke. Alisimama. Mwanga wa jioni ulikuwa ukilipitia ubavuni na haukukwama popote. Lilikuwa gari hasa. Lilionekana kubwa, kana kwamba lilikuwa mbali tu, barabarani, na lingefika wakati wowote. Hakuamini kwamba mikono yake ilihusika na kitu kile.

Kisha akaona sehemu ya nyuma, kulia, juu ya gurudumu. Palikuwa laini.

"Nimekuondolea ile aibu yako ya nyuma," dada yake akasema huku akinawa mikono. "Patasi ilikuteleza, ee? Shimo kama la dole gumba. Nimeziba kwa puti. Tafuta kama utaliona."

Patasi haikuteleza. Pale palikuwa na bonyeo, naye alikuwa amelichonga makusudi, siku nne nzima, kwa sababu gari la baba yao lilikuwa nalo. Dada Meno hakulijua. Miaka ile yeye alikuwa akitoka asubuhi kwenda kufagia kliniki, wakati Seremala, mdogo bado, alimfuata baba yao alfajiri kumbebea chupa ya chai mpaka lilipoegeshwa gari. Mzee alilizunguka kabla ya kuwasha: pua, gurudumu la kushoto, ubavu, milango ya nyuma, na akifika kulia alipumzisha kiganja kwenye lile bonyeo kidogo, kama mtu anayeshika bega la mwenzake. Halafu ndipo hupanda.

Yote haya Seremala alikuwa nayo mdomoni. Ilibaki kuyasema. Lakini dada yake alikuwa amegeuka, uso umemng'aa, anangoja kusifiwa, na gari lilikuwa zuri kiasi kwamba kusema "rudisha shimo" kulionekana kama kumwambia mtu aliyevaa vizuri kwamba jana alipendeza zaidi.

"Ee," akasema. "Iliteleza."

Hiyo "ee" ilimkaa kooni siku tatu. Mteja alimwuliza kabati litakuwa na milango mingapi, akajibu "ee". Mara mbili alivaa viatu aende kwa dada yake, mara mbili akavua. Alijiambia bonyeo ni dogo, mzee amezeeka, mikono imesahau. Mpira ungemiminwa Jumamosi. Mti wenyewe mara nyingi haukutoka salama humo. Dada yake alikuwa amemwonya mapema kwamba kuta nyembamba kama zile zinaweza kupasuka wakati wa kuivua kalibu. Kitakachoingia ndani ya mpira siku hiyo ndicho kitakachobaki.

Jumamosi asubuhi mzee akaletwa. Dada Meno alimnawisha mikono kwenye karo kwa sabuni, mara mbili, mpaka mzee akauliza kama anapelekwa kufanya upasuaji.

"Ni mafuta ya vidole, Baba. Hayatakiwi."

"Mafuta yangu mwenyewe hayatakiwi. Haya, endelea."

Akakalishwa kwenye kiti. Dada Meno akamwekea gari mapajani, juu ya kitambaa safi, pua ikielekea kushoto kwake. Seremala akasimama mlangoni. Hakuwa na pa kuweka mikono.

Mzee hakuanza kwa kulikumbatia kama watu wanavyodhani vipofu hufanya. Alitafuta pua. Akaipata, akaifuata kwa vidole viwili, akafika kwenye taa, na vidole vikasimama.

"Ah," akasema.

Akaendelea. Kioo cha mbele. Gurudumu la kushoto, akapitisha kidole ndani ya tao lake. Mlango, ukucha wake ukauingia ule mstari uliochimbwa kwa pumzi iliyobanwa, ukaufuata mpaka chini. Ubavu wa sanduku. Milango ya nyuma, miwili. Alikuwa akilizunguka. Seremala akaona kwamba mzee hakuwa amekaa kitini tena. Alikuwa alfajiri, anakagua gari, na chai inapoa.

"Ni gari la mikate," mzee akasema kwa sauti ya chini, na Dada Meno akamtazama mdogo wake, akatabasamu.

Kiganja kikazunguka kona, kikaja kulia, juu ya gurudumu. Kikatulia. Kikasogea mbele kidogo, kikarudi. Kidole gumba kikatafuta huku na huku kama mtu anayetafuta swichi ya taa katika nyumba aliyoizoea.

"Lakini si langu," mzee akasema.

"Baba, ni lako," akasema Dada Meno.

"Pale kiwandani yalikuwa matatu. Moja mimi, moja mwenzetu ambaye sasa ni marehemu, moja yule bwana mrefu aliyekuwa akiliosha kutwa kama bibi harusi. Hili ni la yule mrefu." Akalisukuma kwa adabu, kama mtu anayerudisha kofia isiyo yake. "Zuri. Limetunzwa. Lakini langu ningelijua."

"Labda umesahau kidogo, Baba."

"Nani aliliendesha, mimi au wewe?"

Ndoo ya mpira ilikuwa mezani, kifuniko kimeshafunguliwa. Seremala akakohoa. Hakuna aliyemgeukia, kwa hiyo ikambidi aseme.

"Lilikuwa na bonyeo."

"Nani yuko hapo?" mzee akauliza.

"Mimi, Baba. Nililichonga bonyeo. Pale ulipokuwa unaweka mkono. Dada akadhani patasi iliniteleza, akaziba."

Dada Meno alisimama na kitambaa mkononi. Mwanamke aliyeweza kusikia kilima ambacho macho hayakioni alikuwa amepita juu ya jambo kubwa kama dole gumba na kuliita aibu.

"Nilikuuliza," akasema polepole. "Nilikuuliza kama iliteleza, ukasema ee."

"Lilikuwa zuri mno. Nikaona haya."

"Uliona haya kwangu? Mimi niliyekuosha masikio?"

"Hasa kwako."

Mzee akaanza kucheka, bila sauti, tumbo likitikisa gari mapajani. "Wewe," akamwambia mwanawe, "uliliona lile bonyeo?"

"Kila siku."

"Nililipata wiki ya kwanza. Nilirudi nyuma nikakutana na nguzo ya geti. Nikamwambia meneja nimelikuta hivyohivyo. Miaka yote hiyo sijamwambia mtu." Akafuta macho yasiyoona kwa mgongo wa mkono. "Kila asubuhi nikiligusa najiambia, leo tazama nyuma."

Dada Meno akalichukua gari, akavuta kiti chini ya taa. "Niliziba mwenyewe, nitazibua mwenyewe," akasema. Akachagua kile chuma chenye ncha ya mviringo, akaanza kukwangua. Rangi ya kijivu ikatoka, ikafuata puti nyeupe, unga mwembamba ukishuka kwenye kitambaa. Alikwangua kama alivyokuwa akikwangua jasi ya meno, kwa kifundo cha mkono tu, na alipofika karibu na mti akaacha chuma, akatumia kipande cha msasa kilichochakaa alichokizungusha kidoleni. Chini yake, zima kabisa, likatokea bonyeo la Seremala. Hakuwa ameliumiza hata kidogo. Akalitazama sasa kwa mara ya kwanza. Ukingo mmoja ulikuwa mkali kidogo, mahali nguzo ilipoanzia, na mwingine ulififia mpaka usijue umeishia wapi.

"Siku ngapi hili?" akauliza bila kuinua kichwa.

"Nne."

"Hm," akasema Dada Meno.

Alirudisha rangi, nyembamba, mara tatu, na kwa kuwa kila tabaka lilitaka muda wake, walikaa wote watatu wakingoja, mzee akieleza njia ya mikate duka kwa duka. Mchana Dada Meno akalipangusa gari, akalikalisha juu ya kitanda cha udongo, akalizungushia kuta za plastiki. Akaukoroga mpira, akaunyanyua juu na kuuacha ushuke kama uzi, kwenye kona moja tu, ili upande wenyewe taratibu na kuyasukuma mapovu mbele yake. Ulimeza magurudumu. Ulipanda milango. Ulifika kwenye bonyeo, ukasita kidogo ukingoni, kisha ukaingia. Seremala hakuondoa macho mpaka paa lilipozama.

Kesho yake waligeuza, wakaondoa udongo, wakapaka mafuta ya mgando ili mpira usishikane na mpira mwenzake, wakamimina upande wa ndani. Jumatatu kalibu ikafunguliwa. Kama walivyohofia, mti ulipasuka kwenye nguzo ya dirisha. Seremala hakuhuzunika. Alikuwa akichungulia ndani ya mpira, ambamo gari lilikuwepo lakini limegeuzwa, lote likiwa hewa, na mahali palipokuwa na shimo sasa pameinuka kilima.

Dada Meno akachanganya rezini. Iliingia ikiwa angavu kama maji. Baada ya dakika chache ikaanza kuwa na ukungu katikati, ukungu ukatambaa, na mbele ya macho yao ikageuka nyeupe na kuanza kutoa joto. Seremala akaweka kiganja juu ya kalibu. Ilikuwa na homa kama kiumbe.

Mpaka alasiri yalikuwa matano, meupe, yamepangwa mezani pua zote upande mmoja. Mzee akaitwa. Safari hii alinawa mwenyewe bila kuambiwa.

Alianza la kwanza kwa pua, akalizunguka, na Seremala akajilazimisha kutazama. Kiganja kikaja kulia. Kidole gumba kikashuka ndani ya bonyeo na kukaa. Akaenda la pili, akalizunguka lote, hakuruka hatua, na kidole kikashuka. La tatu. La nne bado lilikuwa na joto. Alipofika la tano alikuwa akipumua kama mtu aliyepanda kilima, na mkono wake ukabaki pale pale, hautaki kutoka.

"Matatu tu ndiyo yaliyokuwa kiwandani," akasema hatimaye, "na moja tu ndilo lililokuwa langu. Sasa imekuwaje yote haya ni yangu?"

Dada Meno alikuwa amegeukia rafu kana kwamba kuna kitu anatafuta.

"Yule wa makabati yuko wapi?"

"Niko hapa, Baba."

"Njoo." Alinyoosha mkono, akaupata mkono wa mwanawe, akaugeuza kiganja juu. Akaanza kuupapasa, kutoka kifundo, sugu kwa sugu, kidole kwa kidole, taratibu, kama alivyoyapapasa magari, naye Seremala akasimama wima akimwacha aukague mpaka mwisho.